Maji ya Kilemba

Kilemba alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe, na nikadhani amekufa. Ilikuwa kabla ya alfajiri. Mtaani kwetu Tabata maji ya bomba yalikuwa yakija usiku wa manane, kwa hiyo nilikuwa nimeamka kukinga ndoo, na nikapita sebuleni na tochi ya simu mkononi. Mwanga ulipomgusa akatikisa pezi moja. Mapezi mengine alikuwa ameyabana mwilini kama mtu aliyejikunyata kwa baridi, na kwenye mkia wake mweupe, mwembamba kama shela, kulikuwa na michirizi myekundu mfano wa nyuzi za damu. Mwenzake Macho, yule mweusi mwenye macho yaliyotokeza nje, alikuwa juu kabisa, mdomo kwenye uso wa maji, anahema harakaharaka.

Niliweka ndoo chini, nikakaa sakafuni mbele ya kioo. Mimi ni muuza dawa. Wakati ule nilikuwa na miaka 16 katika duka la dawa muhimu, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kumsikiliza mtu akinieleza maumivu yake kwa dakika mbili tatu, kisha kumpa kinachomfaa au kumwelekeza hospitali. Nikaona wekundu mkiani, nikasema moyoni: haya ni maambukizi. Maambukizi yana dawa, na dawa ninazo.

Kosa langu lote lilikuwa ndani ya maneno hayo machache. Ilinichukua wiki tatu na kifo kimoja kuliona.

Samaki wale walikuwa wa binti yangu. Alimaliza darasa la saba mwaka 2021, na zawadi aliyoomba ilikuwa samaki wa dhahabu wawili, basi. Tuliwanunua pamoja na bakuli la kioo la lita 8 hivi, na muuzaji akatuelekeza tuwabadilishie maji yote kila Jumamosi na kulisugua bakuli mpaka ling'ae. Yule mweupe mwenye nyama nyekundu iliyoota kichwani kama tunda la forosadi akaitwa Kilemba. Mweusi akawa Macho. Miezi minne baadaye jirani aliyekuwa anahamia Dodoma akatuachia tangi lake la lita 60, pampu ya hewa na chujio la sponji. Nililifurahia lile tangi kama mtu anayetoka kwenye chumba cha kupanga kwenda kwake. Niliosha kila kitu kwa sabuni ya unga, sponji nikaikamua na kuikamua mpaka maji yakatoka meupe, nikajaza maji ya kisima kwa sababu bomba lilikuwa limekauka, na samaki wakaingia mchana uleule. Siku ya 12 ndiyo ile alfajiri.

Nilifungua vidonge viwili vya tetrasaiklini, vile vya rangi mbili, nikamimina unga wake kwenye maji. Kipimo nilikikisia. Kufikia jioni maji yalikuwa ya njano. Siku ya pili yakawa rangi ya chai kavu, na povu likapanda juu kama la sufuria ya maharage. Binti yangu alisimama mlangoni na sare yake mpya ya kidato cha kwanza. "Mama, dozi yake ni ya siku ngapi?" Nikamjibu kwamba tutaona. Sijawahi kumjibu mteja hivyo maishani mwangu.

Macho alikufa siku ya sita. Tulimkuta nyuma ya chujio. Binti hakulia mbele yangu. Alikwenda kuoga akakaa bafuni muda mrefu, na bomba halikuwa linatoa maji siku hiyo.

Baada ya hapo niliongeza dawa nyingine, oksitetrasaiklini ya unga wa njano ambayo wafugaji huwapa kuku. Kilemba akazidi kunyong'onyea. Nilikuwa nimeanza kuandaa maneno ya kumwambia mtoto nilipopata wazo la kumpigia shemeji yangu, ambaye anafuga sato kwenye mabwawa huko Mkuranga. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyopenda wagonjwa wanieleze: lini ilianza, rangi ya mkia, jinsi anavyopumua, anachokula na asichokula, dawa nilizompa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shem, umepima maji?"

"Kupima vipi?"

"Samaki umenieleza vizuri mpaka nyuzi za mkiani. Maji hujanieleza hata neno moja."

Akaja Jumapili na kisanduku cha chupa ndogo za matone. Akachota maji kidogo kwenye kijaribio cha kioo, akadondosha matone, akatikisa, akanipa nikishike. Maji yakiwa salama, alisema, yatabaki ya njano. Tukangoja dakika tano. Njano ikaanza kuiva taratibu ikawa kijani, kijani ya jani la mgomba, na aliposogeza kadi ya rangi karibu ilisoma amonia miligramu 4 kwa lita. Kipimo kilichotakiwa ni sifuri. Kisha akapima pH, akapata 8.

Nilijua amonia. Ni ile harufu inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilofagiliwa. Nisichokuwa nimekiwaza ni kwamba samaki hana banda la kutoka nje akapunge upepo. Taka hiyo, inayotokana na protini ya chakula chake, huitoa zaidi kupitia matamvua, kila anapopumua, na humohumo ndimo anamovuta pumzi inayofuata. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria waliojijengea kwenye sponji na changarawe: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na sisi tunaipunguza tukibadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujaa. Mimi nilikuwa nimewasafisha kwa sabuni siku ya kwanza, na wachache walioanza kuota upya nikawamiminia antibayotiki. Kule kwenye bakuli, kumwaga maji yote kila Jumamosi kulikuwa kumewaokoa samaki kwa nguvu tu. Kwenye tangi kubwa niliacha kumwaga, nikidhani chujio linafanya kazi. Chujio lilikuwa sponji tupu.

Kuhusu pH, shemeji alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Amonia majini ina sura mbili, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Maji yakipanda kutoka 7 hadi 8, ile sura kali huongezeka karibu mara 10. Joto nalo huiongeza, na maji ya sebuleni kwetu yalikuwa nyuzi 28. Yaani maji ya kisima chetu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yalikuwa yanainoa sumu ileile.

Na ukoko huo ulikuwa na habari nyingine kwangu. Ni chokaa: kalisiamu na magnesiamu. Mimi mwenyewe humwambia mteja asimeze tetrasaiklini kwa maziwa, kwa sababu kalisiamu huikamata dawa isifanye kazi. Nimelisema hilo mara ngapi dirishani, sijui. Na nikaenda nikaimwaga dawa hiyohiyo kwenye maji yaliyojaa kalisiamu. Kwa hiyo hata kama yangekuwa maambukizi kweli, dawa yangu ingefika imefungwa mikono.

Matibabu aliyoandika shemeji yalinifedhehesha kwa udogo wake. Hakuna dawa. Hakuna chakula kwa siku tatu. Robo ya maji yatolewe asubuhi, robo jioni, na mbadala wake uwe maji ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku mbili ili klorini iondoke. Yaingizwe polepole, kwa jagi, ili pH isishuke kwa ghafla. Pampu ya hewa isizimwe hata usiku. Siku ya nne michirizi mkiani ilianza kufifia. Siku ya saba Kilemba alikuja mbele ya kioo nilipoinama, akaanza kufungua na kufunga mdomo akidai chakula, na binti yangu akapiga kelele iliyowaamsha majirani.

Wiki iliyofuata amonia ilishuka, nitriti ikapanda, kama shemeji alivyokuwa ametuonya. Nitriti huingia kwenye damu na kuiharibu isiweze kubeba oksijeni. Damu hubadilika ikawa ya kahawia, na samaki hukosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Kinga yake iko jikoni. Kloridi iliyo ndani ya chumvi hugombea na nitriti mlango uleule kwenye matamvua, na kloridi ikiwa nyingi nitriti hubaki nje. Tulitumia chumvi ya mawe ya Bagamoyo, gramu 1 kwa kila lita, gramu 60 kwa tangi zima, ikiyeyushwa kwanza kwenye jagi. Nilizipima kwa mizani ya duka la jirani anayeuza sukari ya kupima.

Kisha Kilemba akatoka madoa meusi kwenye mapezi na mgongoni. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kabati la dawa. Nikaurudisha, nikapima maji: amonia sifuri, nitriti sifuri. Nikampigia shemeji. Akasema samaki wa dhahabu aliyeunguzwa na amonia mara nyingi hutoka weusi sehemu zinazopona, kama ngozi yetu inavyoacha baka baada ya kuungua mafuta ya moto. Ningekuwa nimemtibu kwa kosa la kupona. Madoa yalikwisha ndani ya mwezi mmoja na nusu.

Hapo ndipo daftari lilipoanza. Binti alichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa, akachora mistari: tarehe, joto, pH, amonia, nitriti, nitrati, amekula au hakula, ameonekanaje. Safu ya mwisho ndiyo iliyokuwa tamu kusoma. "Ananisubiri." "Anachezea changarawe." "Amenuna, sijui kwa nini." Siku moja alinijia na jambo alilolisoma, kwamba kule Thirsk, Uingereza, kulikuwa na samaki wa dhahabu aitwaye Tish aliyekufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Akaniuliza Kilemba atafika miaka mingapi. Nikamwambia wengi wakitunzwa vizuri hupita 10. Akaandika namba hiyo kwenye jalada la daftari na kuizungushia duara.

Nasi tukakosea tena. Tulimnunulia Kilemba mwenzake, Kibibi, mwekundu mwenye mgongo wa nundu, tukamtia moja kwa moja kwenye tangi jioni ileile. Shemeji alikuwa amesema mgeni akae peke yake kwenye ndoo yenye hewa kwa wiki 3 au 4, tukaona ni ukatili. Siku ya tano wote wawili walikuwa wanajisugua kwenye mawe kwa ghadhabu, na mapezi yao yamenyunyiziwa vitone vyeupe kama punje za chumvi laini.

Huu ni ugonjwa wa kimelea ambacho wataalamu hukiita Ichthyophthirius, na namna kinavyoishi ndiyo inayoamua namna ya kukitibu. Kile kitone cheupe ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na kikiwa humo dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka chini ya tangi, kinajifunika, kinagawanyika na kugawanyika mpaka kuwa watoto kwa mamia, na hao hutoka kuogelea wakitafuta samaki. Ni wakati huo tu, wakiwa uchi majini, ndipo wanapouawa. Katika maji ya baridi mzunguko huo huchukua wiki kadhaa. Katika joto la Dar es Salaam ni siku tatu nne tu, na hapo joto letu, ambalo kwa mambo mengine ni adui wa samaki wa dhahabu, linageuka msaada, kwa sababu vimelea wanalazimika kujitokeza upesi. Tulipandisha chumvi hadi gramu 3 kwa lita, yaani gramu 180, tukiigawa mara tatu ndani ya siku mbili ili samaki wasishtuke. Kila tulipobadilisha maji tulirudisha chumvi iliyotoka na maji hayo.

Siku ya sita vitone vyote viliisha. Binti akataka tuache. Nikamkatalia, na sauti yangu ilikuwa ya dukani kabisa, kwa sababu hilo ndilo ninalopigana nalo kila siku: mtu anapata nafuu siku ya tatu, anaweka dozi iliyobaki kabatini. Kutoonekana kwa kitone kulimaanisha kwamba kimelea kimehamia mahali nisipokiona. Tuliendelea wiki mbili kamili.

Mwaka mmoja baadaye vitone vyeupe vikarudi kwa Kilemba. Nilikuwa nimeshapima chumvi yote, gramu 180 ziko kwenye bakuli mezani, binti yangu aliposogeza uso kwenye kioo akakaa kimya muda mrefu.

"Mama, mbona viko kwenye vifuniko vya matamvua tu? Na hapa mbele ya pezi. Vimejipanga. Mwaka jana vilikuwa vimetawanyika popote."

Niliangalia. Vilikuwa vimejipanga kweli, vidogo, vya ukubwa mmoja, kama shanga zilizotungwa. Kilemba hakuwa anajisugua. Alikuwa anakula. Alikuwa pia anamfuata Kibibi tangi zima, anamsukuma tumboni kwa kichwa, jambo ambalo sote tulikuwa tumeliona wiki nzima tukadhani ni ugomvi. Vile ni vipele vya dume. Samaki wa dhahabu dume huvitoa msimu wa kuzaliana, kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani, na vikimaliza kazi yake hutoweka. Nikairudisha chumvi kwenye mfuko wake. Mtoto wa miaka 14 alikuwa ametazama kabla ya kutibu, na mimi nilikuwa nimepima dawa kabla ya kutazama.

Niliporudi dukani Jumatatu, mama mmoja alikuja kuomba dawa ya kikohozi ya mwanawe, akataja antibayotiki kwa jina kama wengi wanavyofanya. Zamani ningemuuliza umri na siku ngapi. Siku hiyo nilimuuliza wanapikia nini na wapi. Akasema mkaa, chumba kilekile wanacholala, tangu mvua zianze. Tuliongea robo saa kuhusu dirisha. Nikamwelekeza zahanati mtoto akapimwe kifua, na hakununua kitu kwangu. Watu wanapumua ndani ya kitu pia, na mimi nilikuwa sikiulizii.

Usiku mmoja wa mgao wa umeme mwaka 2023 pampu ilizima saa tatu. Saa sita samaki wote wawili walikuwa juu wanahema. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na kwetu hayana akiba. Tulikaa kwa zamu, mimi na binti na jagi la plastiki, tunachota na kumimina kutoka juu ili maji yaanguke na kuchanganyika na hewa, mara 20, tunapumzika, tena. Umeme ulirudi saa kumi. Hatukuzungumza sana. Kuna aina ya ukaribu na mtoto wako ambayo huipati mezani wala kwenye daladala, na mimi niliipata usiku ule, gizani, mikono imelowa mpaka viwiko.

Miezi ya mwisho ya mwaka ule Kilemba alianza kuelea. Alikuwa akila, dakika chache baadaye nyuma yake inapanda, kichwa kinabaki chini, anajitahidi kama mtu anayesukuma baiskeli kwenye matope. Jioni nyingine alikuwa tumbo juu kabisa, anapumua, macho yanatazama. Maji yalikuwa safi. Ugonjwa wa namna hii unatokana na umbo lenyewe. Wachina walianza kuchagua samaki wa rangi ya dhahabu miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, na kwenye enzi ya Song walikuwa wameshawafuga kwenye mabwawa ya nyumbani. Vizazi na vizazi vya kuchagua vikazaa samaki wenye miili mifupi ya duara kama Kilemba. Ndani ya mwili huo matumbo na kibofu cha hewa vinasongamana, na utumbo ukijaa unakisukuma kibofu. Samaki huyu hana hata tumbo la kutunzia chakula. Kinachoingia kinakwenda moja kwa moja kwenye utumbo. Zaidi ya hayo, chakula kinachoelea humfanya ameze hewa.

Tulimnyima chakula siku mbili, kisha tukampa njegere moja iliyochemshwa, imemenywa ganda, imepondwa kati ya vidole. Akatulia. Tulibadilisha chakula tukachukua kinachozama, tena tukikilowesha kwanza, na tulipunguza kiasi. Alikaa vizuri miezi, akarudi tena kuelea, akatulia tena. Niliacha kutafuta tiba. Wapo wateja wangu wa sukari na presha ambao nimeishi nao hivyo miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniita mshindwa kwa kuwa hawajapona.

Kilichomwondoa kilikuja Juni 2024. Tulimkuta asubuhi magamba yamesimama mwili mzima, kila gamba limejitenga, na ukimtazama kutoka juu alikuwa kama nanasi. Nilikuwa nimesoma habari za hali hiyo na nilikuwa naiogopa. Magamba husimama kwa sababu mwili umejaa maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa. Samaki wa maji baridi hupenyezwa na maji kupitia ngozi na matamvua saa zote, na figo ndizo zinazomwokoa. Figo zikianguka, iwe kwa bakteria au kwa umri, anavimba kutoka ndani.

Nilikimbilia chupa za matone. Nilizitikisa mikono ikitetemeka. Amonia sifuri. Nitriti sifuri. Nitrati chini ya 20. pH 7.6 kama siku zote. Nilikuwa natamani maji yawe mabaya. Maji mabaya ningeyaweza.

Nilimpata kwa simu daktari wa mifugo aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambaye sikuwa namfahamu. Mteja wangu ndiye aliyenipa namba. Alinisikiliza bila kuniharakisha, ingawa nilimsikia ng'ombe akilia karibu naye. Alishauri tumtenge na tumweke kwenye maji yenye salfeti ya magnesiamu, ambayo humsaidia kupunguza maji mwilini. Naijua chumvi hiyo. Wodi za wazazi huitumia kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Siku nne Kilemba alikaa kwenye ndoo nyeupe chumbani kwa binti yangu, na siku mbili za mwanzo tulidhani uvimbe umepungua. Siku ya nne hakuweza kujigeuza. Macho yalikuwa yametoka. Aliacha kuja juu binti alipoinama.

Daktari alisema sasa kilichobaki ni kumpumzisha, na akanieleza namna ya kufanya hivyo kwa mafuta ya karafuu.

Ninayauza. Vichupa vidogo vya kahawia, kwa ajili ya jino linalouma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Wete, Pemba, na likizo za utotoni mwangu zina harufu hiyo: karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na sisi watoto tumepewa kazi ya kufukuza kuku. Kinachotuliza jino ni eujenoli, na eujenoli ndiyo inayomlaza samaki. Kiasi kidogo humpa usingizi ambao daktari anaweza kumfanyia upasuaji akaamka. Kiasi kikubwa humlaza asiamke. Mafuta yenyewe hayachanganyiki na maji, huelea. Inabidi kuyatia kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu kidogo na kutikisa kwa nguvu mpaka yawe meupe kama tui, ndipo uyamimine.

Nilimwambia binti angeweza kukaa chumba kingine. Alikataa. Alikuwa na miaka 15, akaleta ndoo mwenyewe, akaweka maji ya tangi, lita 4, akamhamisha Kilemba kwa viganja vyake. Nilimimina polepole. Chumba kizima kikanukia Pemba. Alitapatapa mara mbili, kidogo, kisha akalegea, akainama upande, na vifuniko vya matamvua vikaendelea kufunguka na kufungika polepole zaidi na zaidi, mpaka vikaacha. Daktari alikuwa amesema tusimtoe mapema. Tulimwacha nusu saa baada ya pumzi ya mwisho, tumekaa sakafuni, binti ameegemea bega langu.

Tulimzika chini ya mkomamanga. Kwenye daftari, safu ya mwisho ya siku ile, binti aliandika tarehe tu.

Kibibi yupo. Ana tangi zima peke yake, na bado tunampimia maji kila Jumapili. Mwezi wa tisa mwaka uleule, mtoto wa jirani wa nyumba ya tatu, mvulana wa darasa la nne, alinunuliwa samaki wake wawili na tangi jipya linalong'aa, na mama yake akamtuma kwetu aulize dawa ya kuweka kwenye maji. Binti yangu alimsikiliza. Kisha akaenda kwenye tangi letu, akatoa sponji moja kati ya zile mbili za chujio, ile kuukuu, ya kahawia, yenye utelezi, iliyokuwa humo tangu enzi za Kilemba. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maji ya tangi, akafunga fundo, akampa.

Mvulana akanusa mfuko akakunja uso. "Niioshe kwanza?"

"Usiioshe," alisema binti yangu. "Hata bombani usiipitishe. Iingize hivyohivyo ilivyo, na ufike nyumbani upesi, wasikose hewa."

Akaondoka mbio, mfuko ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.